Alichoshika Mtani

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari dukani kabla hujalisoma, usihangaike, nitakueleza kwa ufupi. Mume wangu Hezroni amekufa. Mimi, Dorkas, ndiye ninayesemwa nimemuua, na silaha inayotajwa ni kichekesho cha jukwaani.

Wengine mlicheka wiki jana. Siwalaumu. Hata sisi tulicheka siku ile, ukumbi mzima wa Same ulicheka, mpaka karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatoa leso kufuta macho.

Hezroni alikuwa mfanyakazi wa reli. Rafiki yake Aminieli alikuwa fundi cherehani, na kila Jumamosi walipanda jukwaani pamoja katika jumba la ustawi karibu na stesheni. Jumba hilo lilikuwa likiletewa sanduku la vitabu vipya vya kuazima. Mimi nilikuwa wa kwanza kulifungua. Jioni nilimsomea Hezroni huku akipukuchua mahindi, tukacheka, tukagombana nani mwongo katika hadithi, chakula kikaungua. Sijapata kuishi maisha matamu kama yale na sitarajii tena.

Kitabu kimoja kilikuwa na mzee anayejifanya amekufa ili asikie warithi wanavyomsema. “Mbona msifanye msiba wa Kipare?” nikamwambia Hezroni. “Wewe uwe maiti, Aminieli awe mtani wako.”

Asiye wa kwetu aelewe hili. Ukoo wa Aminieli na ukoo wa Hezroni ni watani tangu enzi za mababu. Mmoja akifa, mtani wake huja matangani kumwigiza marehemu, kuwacheka wafiwa, na kunyakua vitu vya marehemu mpaka vikombolewe. Bei anaitaja yeye. Ole wake atakayemkasirikia.

Basi Hezroni akalala jukwaani ndani ya makasha mawili ya chai yaliyounganishwa, miguu inaning'inia nje, na Aminieli akamkalia kifuani akimwuliza kwa nini amekufa bila ruhusa. Watu hawakuwa na mbavu. Haukupita muda homa ikamwangusha Hezroni, nasi tukampandisha kwao Vudee akiwa ndani ya sanduku la kweli.

Habari ya kichekesho ilifika mlimani kabla ya maiti.

Sasa nendeni nami. Tumeshazika, tuko matangani, nami nimekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya marehemu mama mkwe. Nje nasikia shemeji yangu Gideoni, mdogo wake Hezroni, akizungumza na Mzee Andrea, mkubwa wa ukoo.

“Matanga yakiondolewa, namchukua Yudith,” alisema Gideoni. “Naondoka naye kwenda kwangu Jipe.”

“Na mama yake?”

“Arudi kwao. Mwanamke aliyemlaza mumewe sandukuni akiwa hai, unamwachia mtoto wa ukoo amfanyie nini?”

Mzee Andrea akakohoa. “Sina la kukukatalia. Mtoto ni wetu.”

Yudith ni mtoto wangu pekee, hajang'oka hata jino la kwanza. Na Jipe siyo Vudee. Kule tambarare, kando ya ziwa, mbu hula watu mchana na usiku, na Gideoni mwenyewe alishazika watoto wawili kule.

Nikainuka mkekani, nikatoka.

“Shemeji,” nikasema, “umemsahau Eliwaza? Umemsahau na ndugu yake? Makaburi yao yako wapi?”

Gideoni akaniangalia, macho yamejaa machozi. “Ndiyo maana namtaka huyu,” akasema. “Nyumba yangu imekuwa kimya.”

Ningefurahi sana kama angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia na unapata usingizi. Gideoni alilia kaburini kuliko sisi sote, na alimpenda Yudith kwa dhati. Angempeleka Jipe kwa upendo wote, na angemzika kwa upendo huo huo.

“Baba,” nikamgeukia Mzee Andrea, “nipe mwanangu. Sitaki kingine. Shamba chukueni, mbuzi chukueni.”

“Ukoo haupewi masharti na mjane,” akajibu. “Na usipige kelele, tuna shida nyingine. Matanga hayaondolewi bila mtani, na huyo Aminieli wenu amekataa kuja. Nimemtumia watu, amewafungia mlango.”

Hapo ndipo wazo lilinijia, na laiti nisingezaliwa na kichwa cha mawazo.

“Nitume mimi,” nikasema. “Mimi hatanifungia.”

Mjane hatoki uani kabla ya matanga kwisha, kila mtu anajua. Lakini Mzee Andrea alitamani kumaliza mambo kuliko alivyotamani kufuata mila, kwa sababu wageni walikuwa wakila makande na kunywa pombe ya dengelua kana kwamba wamehamia. Akanipa ruhusa kwa kunipa mgongo.

Nikamfunga Yudith mgongoni, nikateremka Same.

Aminieli sikumkuta kibarazani kwa Mhindi anakoshonea. Nilimkuta ndani kwake, kakaa sakafuni, ndevu zimemjaa. Mkewe Justa ndiye aliyenifungulia. Justa ni mwanamke mpole, mwenye mikono isiyotulia. Mungu hakumjalia mtoto, na watu walikwisha kuacha kumwuliza habari hiyo.

“Mlete, mlete,” akasema, akamfungua Yudith mgongoni kwangu kabla sijakaa. “Maskini, kachoka. Nimpe uji?”

“Mpe.”

Nikakaa na Aminieli. Alikuwa hanitazami.

“Shemeji, nilimkalia kifuani,” akasema. “Alipougua alilalamika kifua. Unajua hilo?”

“Ilikuwa homa, Aminieli. Daktari alisema homa.”

“Daktari si Mpare.”

Kwenye kiti palikuwa na kitabu kimejifunika uso. Nikakichukua.

“Sanduku jipya limekuja?” nikauliza.

“Limekuja. Nilichukua hicho kwa mazoea. Sijui nilifikiri nani atatusomea.”

Nikafungua katikati, nikaanza kusoma kwa sauti. Sijui kwa nini. Palikuwa na bwana harusi aliyepewa farasi mkaidi, na kila alipopita mbele ya nyumba ya mchumba farasi aligoma kusimama. Nikasoma mpaka pale bwana harusi anapowaamkia wakwe zake kwa mbali huku anapelekwa mtaa wa pili, akirudi anawaamkia tena. Justa akacheka kwanza, chini chini, kijiko cha uji mkononi. Kisha nikamsikia Aminieli. Kisha mimi mwenyewe, mjane wa matanga, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na kucheka kukageuka kilio bila kunitaarifu.

Yudith alikuwa amelala mapajani mwa Justa. Justa alikuwa akimpepea nzi.

“Shemeji,” nikamwambia Aminieli, “njoo umalize matanga. Na ukija, mshike Yudith.”

“Nimshike vipi?”

“Ushike vitu vya marehemu kama desturi. Fimbo, kofia, na mtoto. Mzee akikuuliza bei ya kumkomboa, sema hivi: akae na mama yake, huko huko Vudee, na asiende Jipe. Hawawezi kukukatalia. Wewe ni mtani.”

Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto.

“Mtu akijua tumepanga?”

“Nani atamwambia?”

“Nitakuja,” akasema.

Nikapanda mlima na moyo mwepesi. Ndiyo, nakiri kwamba niliimba njiani. Wapumbavu huimba.

Siku ya kuondoa matanga mchungaji alimaliza sala mapema, akaaga kwa haraka, maana alijua fika kinachofuata na hakutaka kukiona. Uani palikuwa pamejaa. Mzee Andrea alikaa kwenye benchi, Gideoni pembeni yake na mzigo wa Yudith umeshafungwa. Aliufunga yeye mwenyewe.

Mara tukasikia sauti kutoka migombani: “Nani kafa hapa bila kuniaga?”

Ilikuwa sauti ya Hezroni.

Wanawake wakapiga mayowe. Aminieli akatokea, amenyoa, amevaa kofia ya reli kama ile ya marehemu, anatembea kwa ule mwendo wa Hezroni wa kurusha mguu wa kushoto. Justa alikuja nyuma yake na kikapu, akakaa miongoni mwa wanawake.

“Dorkas!” akaniita kwa sauti ile ile. “Soma! Umeishia wapi?”

Nikajifunika kanga usoni.

“Usiniambie! Usiniambie! Nimeshajua mwizi ni nani!” Akazunguka uani akimnusa mtu mmoja mmoja, akasimama mbele ya Gideoni. “Mwizi ni shemeji! Siku zote mwizi ni shemeji!”

Ndivyo Hezroni alivyokuwa, jamani. Hakuna kitabu alichoniacha nimalize bila kukisia mwisho, na hakuna alichokisia sawa. Uani pakalipuka. Gideoni alicheka machozi yakimchuruzika, akasema, “Kaka ndiye huyo, kaka kabisa.” Hata Mzee Andrea aliona meno yake yametoka akayafunika na mkono.

Aminieli akanyakua fimbo ya Hezroni. Akanyakua kofia ya kanisani. Kisha, kwa hatua mbili tatu za kucheza, akamnyakua Yudith, akamweka mabegani.

Yudith akapiga kelele ya furaha. Watu wakashangilia.

“Haya, mtani,” alisema Mzee Andrea, bado anacheka, “umetupora. Tukomboe fimbo kwa kitu gani?”

“Kibuyu cha dengelua.”

Akapewa, fimbo ikarudi.

“Na kofia?”

“Mkono wa ndizi, na yule mama aliyevaa kitambaa chekundu anivishe mwenyewe niione ilivyo kabla sijairudisha.”

Kicheko. Ndizi zikaletwa, kofia ikarudi.

“Na mtoto je?”

Nikatazama midomo ya Aminieli. Nilikuwa nimemfundisha maneno yake kama nilivyozoea kumfundisha maneno ya jukwaani.

Aminieli akamshika Yudith vifundo vya miguu.

“Sema bei, mtani,” Mzee Andrea akamhimiza.

“Huyu hana bei.”

Watu wakacheka.

“Kila kitu kina bei!”

“Huyu hana. Nimemshika, ni wangu. Namchukua.”

Wakacheka tena, zaidi. Walidhani ndio utamu wenyewe. Mimi sikucheka, kwa sababu hakuwa akitumia sauti ya Hezroni tena. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Nikamwona Justa ameinuka. Kutoka ndani ya kikapu alitoa kanga mpya, akaikunjua, akajifunga tayari kubeba mtoto. Kikapuni palibaki gauni dogo, jeupe, limeshonwa kwa kitambaa cha dukani, na mishono yake niliitambua hata kwa mbali. Mumewe ndiye aliyeishona.

Nikamfikia Aminieli, nikamshika mkono.

“Imetosha,” nikamnong'oneza. “Sema tulivyosema.”

“Shemeji, nisamehe.” Hakuwa akitabasamu. “Ukoo hautakuachia. Leo watakubali kwa sababu ya utani, mwakani Gideoni atarudi kumdai, nawe huna wa kukutetea. Kwangu hakuna mbu wa Jipe. Atasoma shule. Utakuja kumwona.”

“Ni mwanangu, Aminieli!”

“Tangu siku uliyomleta, Justa halali. Usiku anainuka, anapepea nzi ambao hawapo.” Akamtazama mkewe. “Nimemnyima mtoto miaka yote. Nimekosa la kumpa, shemeji, isipokuwa hili.”

Kabla sijajibu, Gideoni alikwisha kusimama. Kicheko kilikuwa kimekufa uani, kidogo kidogo, kama watu wanavyoacha kuimba mmoja akikosea.

“Mteremshe,” Gideoni alisema.

“Utanipiga? Mpige mtani wako matangani, mbele ya kaburi la kaka yako. Tuone.”

Gideoni akakunja ngumi, akaikunjua. Akamgeukia Mzee Andrea kama mtoto aliyeporwa. “Baba mkubwa! Yuko sawa kweli?”

Mzee Andrea hakuwa na haraka. Alikuwa akinitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye mkono wa Aminieli, nami nikauondoa, nikiwa nimechelewa.

“Desturi ni desturi,” akasema. “Mtani akishika kwa akili yake, ameshika. Mpaka ataje bei mwenyewe, mtoto anakwenda naye, na mimi sina mdomo.” Akasimama. “Lakini nimeona matanga mengi, na sijaona mtani anashika mtoto wa mjane pasipo kupewa wazo. Akiwa ametumwa na mtu wa ndani ya msiba, huo siyo utani. Hiyo ni dhihaka kwa maiti. Mtoto anarudi kwa ukoo, anakwenda Jipe leo hii. Na aliyemtuma anatoka uani kwangu, hakanyagi tena.”

Akanigeukia.

“Dorkas. Wewe ndiye uliyekwenda Same. Ulimtuma?”

Msomaji, jiweke mahali pangu. Nikisema ndiyo, Gideoni anauchukua mzigo ule aliokwisha kuufunga, na mwanangu anateremka Jipe kwenye homa, mimi nikiwa barabarani. Nikisema siyo, mwanamke yule mwenye kanga mpya anamchukua, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimempa.

Juu ya mabega ya Aminieli, Yudith alikuwa akimvuta masikio na kumwambia, “Kimbia! Kimbia tena!” Alikuwa na afya. Nilimtazama shavu lake, na nilichofikiria ni hicho tu, kwamba ana afya.

Justa alikuwa amekaza macho kwangu. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Sijui alikuwa akisali au akiniomba.

“Sikumtuma,” nikasema.

Justa akaketi chini ghafla. Gideoni akaficha uso. Aminieli akafumba macho, akamshika Yudith miguu kwa nguvu zaidi, nami nikadhani nimekwisha kulipa chote ninachoweza kulipa.

“Vema,” alisema Mzee Andrea. “Apa.”

“Nileteeni Biblia,” nikasema.

“Biblia hapana. Biblia unaisoma kama unavyosoma vitabu vyako vingine, unacheka na kulia na kufunga. Utaapa kwetu.” Akaelekeza fimbo nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwekundu ambao ulikuwa haujashikana. “Utaweka mkono juu ya mumeo, uyaseme maneno hayo hayo.”

Wanawake wakajisogeza, wakanipisha njia. Kila mmoja pale alijua nilichokijua mimi tangu utotoni. Kwetu kiapo cha uongo hakimgusi aliyeapa. Kinamwacha aishi, azeeke. Kinamchukua mtoto wake.

“Mama unakwenda wapi?” Yudith aliuliza.

Nikapiga magoti kaburini, nikaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa baridi. Mzee Andrea akasimama juu yangu, akasema, “Tunakusikiliza.”